Jinsi Jytte Bramsen Alivyobonyeza Yuro Mbele ya Bendera

Njooni, enyi wenye pochi na wenye mikoba! Njooni nyote mliowahi kusoma taarifa ya benki mkashika vichwa, nanyi mliowahi kupigiwa simu na mtu mwenye sauti ya asali akawataja kwa majina yenu yote matatu. Vuteni viti, zimeni simu zenu, au angalau zilazeni kifudifudi, msikie habari za vita vilivyopiganwa Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, kusini kidogo ya mpaka wa Denmark, ndani ya duka la bia na peremende. Nawe Stakabadhi, binti wa wino hafifu na karatasi nyembamba, wewe unayefutika kabla mtu hajafika nyumbani, usifutike leo mikononi mwangu! Nipe ulimi niwatangazie Jytte Bramsen wa Haderslev, Mlinzi wa Tarakimu Nne za Siri, Mwenye Mkoba Usiofunguka Hovyo, aliyesimama peke yake mbele ya mashine ya kulipia yenye njaa, akanyoosha kidole kimoja.

Kidole kimoja, ndiyo. Najua wapo watakaosema kubonyeza kitufe si vita. Waacheni waseme. Hao ndio wanaokatwa kila mwezi wakidhani ni kodi.

Jytte alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mfupi, mwenye nywele nyeupe alizozikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni, na jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza. Maisha yake yote ya ndoa hakuwahi kulipa bili. Mumewe, Svend Aage, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa waziri wa fedha wa nyumba ile. Jytte akitaka pazia jipya aliomba, akitaka kwenda kwa dada yake kwa treni aliomba, naye Svend Aage alitoa, kwa moyo mwema kabisa, lakini alitoa yeye. Alipokufa, benki ikamletea mjane kadi ya mkopo, na juu ya kadi ile herufi zimeinuka: JYTTE BRAMSEN. Hakuna jina la mtu mwingine. Alizipapasa herufi zile kwa kidole gumba mpaka chai ikapoa, akalia kidogo, kisha akatoka akanunua pazia.

Ole wake! Kadi ilipoingia mkobani, maadui nao wakanoa meno. Januari mtu alimpigia, akajitambulisha kuwa ni wa benki, akasema kwa huruma kwamba mwizi anaichezea akaunti yake wakati huu huu wanapozungumza, na ili kumzuia mwizi huyo ni lazima Jytte amsomee zile namba zilizoingia sasa hivi kwenye simu. Jytte akamsomea. Alimsomea pole pole, ili mtu wa watu asikosee. Muda si muda kadi yake ilikuwa imenunua viatu vya michezo vya thamani kubwa katika mji ambao hajawahi kuusikia, na miguu iliyovivaa haijajulikana hadi leo. Benki ilizirudisha fedha baada ya manung'uniko mengi. Aibu haikurudishwa.

Hata hivyo ile ya Januari ilikuwa ya wengi. Wajanja na wasomi huanguka vilevile. Kilichomuuma Jytte ni kile kilichotangulia, anguko la kiangazi kilichopita, ambalo lilikuwa la kitaifa. Na hapo lazima niwaeleze udhaifu wa Wadani, jirani zangu wa miaka mingi, ambao kwa Kiswahili herufi moja ikiteleza tu wanakuwa wadeni.

Watu hawa wanaipenda bendera yao kupita kiasi. Wao husimulia kwamba iliwaangukia kutoka mbinguni katikati ya vita, nyekundu yenye msalaba mweupe, wakashinda. Na tangu siku hiyo hawajaiachia. Mtoto akitimiza mwaka, bendera kwenye keki. Mti wa Krismasi, bendera. Shangazi akirudi kutoka likizo, ukoo mzima uko uwanja wa ndege unapepea bendera kana kwamba katoka kuiteka Roma. Paka akitimiza miaka kumi, nimeona kwa macho yangu, bendera imechomekwa kwenye bakuli la samaki. Kwa hiyo wale mashetani walioziunda mashine za kulipia huko ng'ambo hawakuhitaji kufikiri sana. Mdani akichomeka kadi yake nje ya nchi, mashine humuuliza: utalipa kwa yuro, au kwa krone zako za nyumbani? Na kando ya neno krone huchora kibendera.

Kidole cha Mdani hakiulizi. Kinakwenda chenyewe kama mbwa aliyesikia bakuli. Naye akishabonyeza krone, ni mashine inayombadilishia fedha, si benki yake, kwa kiwango inachokipenda yenyewe na nyongeza juu, na hakuna polisi wa kumwita kwa sababu mwenyewe kakubali, tena kwa tabasamu. Kiangazi kile Jytte alitabasamu. Alisema hata, kwa sauti, mbele ya mwanawe, "Tazama, wameweka bendera yetu, watu wazuri hawa!"

Mwanawe huyo, Troels, mwana wa pekee, muuza bima, Bwana wa Mashati ya Kubana, Mfalme wa Si-Nilikwambia, hakuisahau sentensi ile. Aliisimulia Krismasi. Akaisimulia tena Pasaka, kwa kuigiza. Na kwa kuwa kati ya sikukuu hizo mbili yalitokea mambo ya Januari, akaja na uamuzi: kadi ya mama ihamie kwake.

Basi Jumamosi hiyo gari lilitoka Haderslev kuelekea kusini, mama na mwana ndani yake, kwenda kununua vinywaji na pipi za sherehe ya kipaimara cha Alberte, binti wa Troels. Wadani wote waendao kusini huenda kwa ajili hiyo, maana bia ya upande wa pili ni rahisi, na hurudi matumbo ya magari yakigusa lami.

"Mama, sikufokei," alisema Troels.

"Basi mbona kioo kinatetemeka?"

"Nasema tu. Leo unalipa mwenyewe, kila kitu. Mimi nasimama pembeni, sifungui mdomo. Ukikatwa hata senti moja juu ya bei, kadi inakuja kwangu. Ukitaka kitu unaniambia, nakununulia."

"Hata soksi?"

"Hata soksi."

"Hata chupi?"

Troels akakaza macho barabarani. "Mama, tafadhali, naendesha."

"Mimi nauliza ili nijue utaratibu. Nikitaka sidiria nitume ujumbe, au nije ofisini kwako nijaze fomu?"

"Ni kwa usalama wako!"

"Hivyo ndivyo alivyosema na yule wa Januari."

Jytte alicheka, na Troels akanuna, lakini msidanganyike na kicheko hicho.  Alikuwa ameomba kwa mume umri mzima, na sasa alikuwa karibu kuomba kwa mtoto ambaye yeye mwenyewe alimpangusa makalio. Hakuogopa umaskini, wala hakuogopa matapeli. Aliogopa neno "naomba". Aliiweka mikono juu ya mkoba, akajikumbusha aliyofundishwa na binti mmoja wa benki kwa simu, binti ambaye Jytte ndiye aliyempigia, kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi, baada ya kukata shauri kwamba tangu sasa simu za fedha atazipiga yeye, hatazipokea.

Wakavuka mpaka. Upepo ulivuma mashambani bila kuomba pasi, na duka la Süderkrug likajitokeza mbele yao, pana, la mabati, limezungukwa na magari yenye namba za Denmark. Ndani yake kulikuwa na milima ya kreti za bia, mabonde ya maji ya matunda, na ukuta mzima wa zile pipi nyeusi za chumvi ambazo mgeni akizionja hudhani amewekewa sumu. Na juu ya kila rafu, ingawa hapo ni Ujerumani, vibendera vya Denmark vilining'inia kwa mamia. Jytte aliviona vyote. Adui alikuwa amepanga majeshi yake tangu mlangoni.

Akajaza toroli kwa utulivu wa jemadari, akalisukuma mpaka kwenye foleni, na Troels akafuata nyuma, mikono kifuani. Nyuma yao akasimama jitu la mtu kutoka mji wa Esbjerg, kama fulana yake ilivyotangaza, kaptura fupi, miwani minene, toroli lake bia tupu bila hata pipi moja ya kuficha nia.

Hapo simu ya Jytte ikalia mkobani. Akaitoa, akaisogeza mbali na uso mpaka herufi zikakubali kusomeka. Ujumbe ulisema: Mteja mpendwa, kadi yako imefungwa kwa usalama wako. Bonyeza hapa mara moja uifungue, la sivyo utaipoteza kabisa.

 Imefungwa! Sasa, akiwa na toroli limejaa, na mwanawe anaangalia! Troels naye alikuwa ameshachungulia juu ya bega, akausoma. Hakusema neno, kama alivyoahidi, lakini uso wake ulisema kurasa mbili. Kidole cha Jytte kilisogea kuelekea kwenye yale maandishi ya buluu, kikasogea tena, kisha kikasimama. Akajinyoosha kwa urefu wake wote, ambao haukuwa mwingi, akaihutubia simu mbele ya foleni nzima.

"Ewe ujumbe usio na mama wala baba! Unaniambia kadi yangu imefungwa. Vema. Kama imefungwa, mashine ile pale itaikataa, nami nitaaibika, halafu nitapiga namba ya nyuma ya kadi na kumuuliza mtu aliye hai. Na kama haijafungwa, wewe ni mwizi, tena mwizi mvivu, unayetaka nikubebee funguo mpaka mlangoni kwako. Ondoka!"

Akaufuta. Jitu la Esbjerg likapiga makofi.

"Hata mimi umenifikia leo asubuhi," likasema. "Nami hata sina kadi ya kufungwa."

"Ukafanya nini?" akauliza Jytte.

"Nikawajibu niko chooni."

Zamu yake ikafika. Keshia aliitwa Frauke, kibandiko kifuani kilisema hivyo. Mwanamke mchangamfu mwenye kucha za zambarau, aliyezaliwa upande huu wa mpaka na kuzungumza lugha za pande zote mbili bila kupumua. Akapitisha bia, akapitisha maji ya matunda, akapitisha pipi nyeusi. Jytte akachomeka kadi. Na mashine, jitu la plastiki, Mla Mishahara, Baba wa Nyongeza, likaamka.

Kioo chake kiligawanyika sehemu mbili. Juu, kitufe kikubwa cha kijani, neno KRONE, na kando yake bendera, ndogo, nyekundu, msalaba mweupe, imechorwa hata ikipepea. "Kiwango cha uhakika!" kiliandika. Chini kabisa, kwa rangi ya kijivu kama maji ya kuoshea vyombo, palikuwa na kijineno ambacho Jytte hakuweza kukisoma, na chini ya kijineno palikuwa na mstari wa herufi za ukubwa wa sisimizi.

"Bonyeza kijani, mpenzi," akasema Frauke kwa ukarimu. "Wadani wote wanabonyeza kijani. Unaona? Bendera yenu!"

Jytte akapapasa kichwani, juu ya kofia yake ya sufi. Miwani ya kusomea haikuwapo. Akapapasa kifuani, mfukoni, mkobani. Akatoa kitambaa, akatoa pipi ya mwaka jana, akatoa miwani, kumbe ni ile ya kutafutia. Ya kusomea ilikuwa imelala garini, juu ya dashibodi, inaota jua. Mashine ikaanza kulia pi, pi, pi. Foleni ikahema. Troels akafungua mdomo, akakumbuka ahadi, akaufunga, na katika kuufunga kule Jytte aliona furaha ndogo pembeni mwa midomo yake, akachomwa.

"Bwana wa Esbjerg!" akaita. "Niazime macho yako!"

"Nini?"

"Miwani! Ivue, haraka!"

Jitu likaivua, likampa. Jytte akaiweka puani, na dunia ikamrukia usoni. Aliona vinyweleo vya Frauke, aliona vumbi ndani ya kitufe cha tano, aliona kwamba kijineno cha kijivu ni YURO, na aliwaona sisimizi wale mmoja mmoja, nao walikuwa wamebeba maneno haya: kiwango hiki ni pamoja na nyongeza ya mtoa huduma.

"Ahaa," akasema.

Lakini kujua ni jambo moja na kidole ni jambo lingine. Kidole gumba cha mkono wa kulia, kilicholelewa kwa keki za bendera na nyimbo za shuleni, kilikuwa kimeshaanza safari ya kwenda juu. Jytte alikiona kinakwenda. Alikiambia kirudi, hakikusikia. Na bendera ile ilikuwa nzuri, sitaki kusema uongo. Ilipepea pale juu ya kioo kana kwamba inamtambua, kana kwamba Svend Aage mwenyewe ameipandisha asubuhi mlangoni. Kidole kikakaribia upana wa ukucha.

"Nakupenda," Jytte akaiambia bendera, kwa sauti ya chini kidogo lakini foleni ilisikia. "Nimekupandisha siku ya harusi, nimekushusha nusu mlingoti siku ya mazishi. Lakini hapa si mahali pako, mama. Hapa wamekuteka, wamekuvisha, wamekusimamisha mlangoni uite wateja. Nisamehe."

Akakishika kidole gumba kwa mkono wa kushoto, akakirudisha nyuma, akatoa cha shahada, na akabonyeza kijivu.

Msishangilie bado, kwani mashine haikufa. Ilitoa mlio mbaya, ikageuza kioo, ikauliza kwa herufi kubwa: UNA HAKIKA? UTAPOTEZA KIWANGO CHA UHAKIKA! Na hila ya hila zote ilikuwa hapo, maana sasa kijani kiliandikwa Ndiyo, nirudishe kwenye krone, na nyekundu kiliandikwa Endelea na yuro. Nani duniani hubonyeza nyekundu? Nyekundu ni kufuta, nyekundu ni moto, nyekundu ni toka nje. Wanaume wenye shahada za uzamili wameanguka hapo.

"Ukibonyeza nyekundu itakataa, nadhani," akasema Frauke, naye alikuwa mkweli. Hakuna aliyewahi kuibonyeza mbele yake.

"Mama..." akasema Troels.

"Umeahidi kunyamaza."

Na Jytte Bramsen, Mwenye Mkoba Usiofunguka Hovyo, akabonyeza nyekundu.

 Kisha mashine, kwa unyonge, ikaomba namba ya siri. Jytte akavua kofia yake ya sufi, akaifunika juu ya vitufe, akaingiza mkono chini yake, halafu akageuka.

"Bwana wa Esbjerg, unaona chochote?"

"Sioni hata bia zangu."

"Vizuri. Nawe Troels, tazama pipi."

Troels akatazama pipi. Chini ya kofia vidole vilitembea gizani, vikajua njia. IMEKUBALIWA, ikaandika mashine, na stakabadhi ikatoka polepole kama ulimi wa mtu aliyeshindwa. Foleni ikashangilia, mtu akasema, "Hatimaye!" na sijui alimaanisha ushindi au zamu yake. Jytte akamrudishia jitu macho yake kwa heshima zote. Frauke akainama kuitazama mashine kwa karibu, uso wa mtu aliyeona kuku akipanda ngazi.

"Kumbe inakubali," akasema. "Na mimi nimekaa hapa nawaambia watu kijani, kijani."

Nje, katika uwanja wa magari, Troels aliichukua stakabadhi, akaisoma juu hadi chini, akaigeuza, akaisoma nyuma ambako hakukuwa na kitu. Jumla ilikuwa kwa yuro. Hakukuwa na mstari wa kubadilisha fedha, hakukuwa na nyongeza, hakukuwa na kitu cha kushika. Jytte alisubiri. Hakutaka maua, alitaka neno moja tu la haki kutoka kinywani mwa mtoto wake, na alilisubiri kwa hamu kuliko alivyosubiri mashine.

"Leo umebahatika," akasema Troels.

Neno lile lilimwingia kama kokoto kiatuni.  Akapanga kreti ndani ya gari kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, na chupa zikamsemea.

Ukingoni mwa uwanja palikuwa na kibanda cha soseji, na kwa kuwa hakuna Mdani aliyewahi kupita soseji akaendelea na safari, walisimama. Troels akaagiza mbili, na kitunguu cha kukaangwa juu yake, akatoa kadi yake mwenyewe, nyeusi, ya kung'aa, ya watu wenye mashati ya kubana.

"Hizi nalipa mimi," akasema, akachomeka kadi bila kutazama, maana alikuwa amemgeukia mama yake na mkono mmoja hewani. "Si kwamba sikuamini, Mama. Nasema hivi: kinachotakiwa ni umakini. Mtu lazima asome. Mimi kazi yangu ni kusoma maandishi madogo, kila siku nasoma maandishi madogo, kwa hiyo mtu kama mimi..."

Jytte hakumsikiliza. Macho yake yalikuwa kwenye mashine ya kibanda, na hata bila miwani aliyaona mabaka mawili ya rangi, jekundu na jeupe, na kidole gumba cha mwanawe, kinene, kilicholelewa kwa keki zile zile alizozioka yeye, kikishuka juu yake kwa raha ya mtu anayejua njia.

"TROELS! MKONO!"

Akaruka. Wale walioona wanasema aliruka. Mwenyewe anasema alipiga hatua. Akamdaka mkono, na kidole kikasimama hewani. Mwuza soseji akabaki na chupa ya haradali imeinuliwa.

"Nini tena?" akafoka Troels.

"Soma."

"Nisome nini? Ni krone, Mama, mimi siku zote nabo..."

 Akainama. Mtu yule, msomaji wa maandishi madogo, akawasoma sisimizi mpaka mwisho, na masikio yake yakaanza kuwa mekundu kuanzia ncha, kama yalivyokuwa yakifanya alipokuwa na miaka sita akikutwa na jamu mdomoni.

"Siku zote?" akauliza Jytte, taratibu.

"Nilidhani... Pana bendera."

"Hata Hispania?"

"Hata Hispania."

"Hata Italia? Wiki zile zote? Na ile hoteli yenye bwawa juu ya paa?"

Troels aliitazama soseji yake. Na hapo Jytte angeweza kusema mengi, maana alikuwa na Krismasi nzima na Pasaka nzima za kulipiza, tena angeweza kuigiza. Lakini aliyaona yale masikio, akashindwa. Kicheko kikamshika, kikamkalisha juu ya kreti ya bia, akacheka mpaka machozi, na mwuza soseji akacheka bila kujua anachokicheka, na mwisho Troels naye, kwanza kwa pua, halafu kwa tumbo.

"Usimwambie Alberte," akasema alipopata pumzi.

"Nitafikiria."

Mashine ikalia pi, pi, pi. Troels akaichomoa kadi yake nyeusi, akairudisha mfukoni, akasogea pembeni kumpisha mama yake.

"Lipa wewe, Mama," akasema. "Wewe unajua."

Iandikwe basi, enyi wenye pochi na wenye mikoba, na iandikwe kwa wino usiofutika. Zipo nchi zilizopigana karne nzima kugombea mpaka ule, na wafalme waliochorwa juu ya farasi kwa kupoteza vita hivyo. Mabango yao yapo, someni mkitaka. Lakini kuhusu siku ile ya Jumamosi, penye upepo, kando ya kibanda, kumbukumbu ni hii: Jytte Bramsen wa Haderslev, kwa kadi iliyoandikwa jina lake mwenyewe, na mwanawe amesimama pembeni amemshikia mkoba, alinunua soseji mbili kwa bei ya soseji mbili.